Nta Ambayo Mbegu Huila

Swali lilitoka kwa mteja aliyekuwa akisukwa. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, nami nilikuwa nimepitia saluni ya shangazi hapa Voi kumwachia unga tu, niendelee na shughuli zangu. Mteja ameketi mkekani, kichwa amekiegemeza kwenye magoti ya shangazi, na mkononi ameshika kopo la losheni akilisoma kwa nyuma, pale penye maandishi madogo ambayo wengi hawana habari nayo.

"Mwalimu," akaniita, "si wewe ndiye unayefundisha kemia? Hebu niangalizie hapa. Pameandikwa alkoholi. Setearili alkoholi. Sasa miaka yote hii nimekuwa nikijipaka pombe kisha naenda kuswali?"

Vidole vya shangazi vikasimama. Losheni ile huiuza yeye, na wateja wake wengi ni kina mama wa msikiti wa jirani. Nikajibu upesi, "La hasha, mama, hiyo si pombe." Akanitazama kupitia kioo.

"Kama si pombe, mbona jina ni lile lile?"

Jibu la mtihani nilikuwa nalo. Jibu la kumpa mtu mzima aliyekaa mkekani, anayetaka kujua kitu anachojipaka mwilini ni nini hasa, sikuwa nalo. Nikamwomba anipe siku chache. Siku hizo zikawa miezi, maana kila nilipodhani nimefika, swali lilikuwa limesogea mbele kidogo, hadi likaniingiza ndani ya mbegu.

Nianze na jina. Alkoholi, kwa mwanakemia, ni jina la ukoo. Molekuli yoyote ambayo mnyororo wake wa kaboni umebeba oksijeni moja na haidrojeni moja iliyoshikamana nayo, namna fulani maalumu, huitwa hivyo. Ile iliyo ndani ya mnazi unaogemwa Pwani ina kaboni mbili tu. Ni fupi, inachanganyika na maji vizuri, inapita tumboni na kufika kwenye ubongo bila kizuizi. Ndugu yake setili ana kaboni 16. Stearili ana 18. Setearili iliyoandikwa kwenye kopo ni mchanganyiko wa hao wawili. Kichwa ni kile kile, lakini mkia wake mrefu ni mafuta matupu, na mkia ndio unaoamua tabia. Alkoholi hizi ndefu huitwa alkoholi za mafuta. Hazileweshi, hazinuki pombe, na wala si kimiminika. Setili huyeyuka kwenye nyuzi 49 hivi za Selsiasi.

Niliagiza gramu 100 kutoka Mombasa, kwenye duka linalouzia watu wanaotengeneza sabuni na krimu. Zikaja chembe nyeupe bapa, kama mshumaa uliokunwa kwa kikunio. Nikampelekea yule mama, nikammiminia kidogo kiganjani. Akazisugua, akazinusa, akazisugua tena. Hazikuyeyuka mkononi mwake. Tukazitia kwenye kisufuria juu ya jiko, zikalainika na kuwa maji mang'avu, tukazitoa, zikaganda. "Hii ni nta," akasema. Nami nikamwambia kwamba hukumu ya dini amuulize shehe wake. Mimi kazi yangu ilikuwa kumpa kitu chenyewe mkononi.

Alikuwa amekaribia sana ukweli. Jina setili lenyewe limetoka kwenye nta. Mwaka 1817, Mfaransa Michel Chevreul alichukua nta nyeupe inayopatikana kichwani mwa nyangumi mmoja mkubwa, yule mwenye kichwa kama tangi la maji, akaichemsha pamoja na potasi kali. Nta ikavunjika vipande viwili: asidi ya mafuta upande mmoja, alkoholi hii upande wa pili. Kwa Kilatini nyangumi ni cetus, ndipo likaja setili. Siku hizi hatuhitaji nyangumi, tunaitengeneza kwa mafuta ya mawese. Lakini kile alichokifanya Chevreul kwenye sufuria ndicho ninachotaka mkishike, kwa sababu nta karibu zote za viumbe zimeumbwa hivyo: asidi ndefu na alkoholi ndefu zimefungwa pamoja fundo moja.

Sasa jojoba. Mtu yeyote anayetunza nywele asilia analijua jina hilo. Shangazi ana chupa yake ndogo, ya bei, anayoitoa kwa matone. Huchanganya na mafuta ya nazi na ya nyonyo, na anaapa kwamba ndiyo inayofanya ncha za nywele zisikatike. Nimewahi kumwambia kwamba mafuta ya jojoba si mafuta, akadhani nasema ameuziwa feki. La. Ni halisi. Ila mwaka 1933 wanakemia wawili wa Chuo Kikuu cha Arizona, Greene na Foster, waliyachunguza wakakuta kwamba ni nta iliyo majimaji. Mafuta ya nazi, ya alizeti, ya nyonyo, yote yamejengwa kwa asidi tatu zilizoning'inia kwenye gliseroli, molekuli fupi inayozishika pamoja. Ndani ya jojoba gliseroli karibu haipo kabisa. Kuna asidi ndefu, nyingi zikiwa za kaboni 20, na kila moja imefungwa na alkoholi ya kaboni 20 au 22. Ni fundo lile lile la nyangumi, isipokuwa kila mnyororo una kona moja, na kwa sababu ya kona hizo minyororo haipangani vizuri, basi nta haigandi kwenye joto la kwetu.

Mfanano huo na nyangumi ulikuwa na maana kubwa wakati fulani. Mafuta ya nyangumi yule yalikuwa yakilainisha mitambo na giaboksi kwa sababu hayaharibiki kwa joto, na mwaka 1970 Marekani ilimweka nyangumi huyo kwenye orodha ya wanyama walio hatarini, biashara ya mafuta yake ikafungwa. Ndipo macho yakageukia kichaka cha jangwani ambacho Waoodham na wenyeji wengine wa jangwa la Sonora, huko Amerika, walikuwa wakikijua tangu zamani, wakipaka nta ya mbegu zake kwenye nywele na vidonda. Jina lake la kisayansi ni Simmondsia chinensis, ingawa asili yake haihusiani na China hata kidogo. Ni mmea wa Arizona, California na kaskazini magharibi ya Meksiko. Kwetu pia umefika. Upande wa Maungu, huko Rukinga, jojoba imepandwa na watafiti wameifanyia majaribio, maana ardhi ile ni kavu, mahindi hukatisha tamaa, na mmea unaostahimili ukame una thamani.

Hapo ndipo swali langu lilipobadilika. Nta ya jojoba ikiingia tumboni mwetu, vimeng'enya vyetu, yaani protini zinazoendesha kazi za kemia mwilini, havina nguvu nayo, sehemu kubwa hupita ikatoka kama ilivyoingia. Ndiyo sababu hakuna anayeipikia maandazi. Haichachi upesi, bakteria hawaikimbilii, hukaa kwenye unywele siku nyingi kwa sababu hakuna anayeila. Lakini karibu nusu ya uzito wa mbegu ni nta hiyo hiyo. Mama gani anamfungia mtoto chakula cha safari kisicholika?

Rafiki alinipatia mbegu kumi na mbili. Ni kama karanga kubwa za rangi ya kahawa iliyokaangwa, ngozi imekunjamana kidogo. Nilipasua moja kwa wembe. Ndani karibu yote ni kotiledoni mbili nene, yaani yale majani ya kwanza yanayobeba akiba, rangi ya krimu, zimebanana kama viganja. Nikaibana nusu moja kati ya karatasi mbili za daftari, nikaikandamiza kwa kitako cha bilauri. Karatasi ikapata doa linaloonyesha mwanga, pana kama sarafu ya shilingi kumi. Niliipeleka dirishani, nikaona vidole vyangu upande wa pili. Kesho yake doa lilikuwa pale pale. Maji yangekuwa yamekauka.

Sita za kwanza niliziua mwenyewe. Nilizipanda kwenye udongo wa bustani na kuzimwagilia asubuhi na jioni kama sukuma wiki. Zikavimba, zikanuka, zikaoza. Ni mmea wa jangwani, na mimi nimezaliwa hapa tunapohesabu ndoo za maji, nilipaswa kujua. Tano zilizobaki nikazitia kwenye mchanga ndani ya pakiti za maziwa, nikazirushia maji mara moja moja, nikaziacha kwenye joto la mabati. Mzizi ulitangulia. Kabla hata kijichipukizi hakijaonekana juu, mzizi mweupe ulikuwa umeshuka hadi chini ya pakiti, unatafuta maji.

Mzizi ule ni sukari. Namaanisha umejengwa kwa sukari: selulosi ya kuta zake, na nguvu ya kuusukuma chini. Jua halijaugusa, hakuna jani la kutengeneza chakula. Kwa hiyo mahali fulani ndani ya zile kotiledoni, nta inageuka kuwa sukari.

Mwaka 1977 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha South Carolina, Robert Moreau na Anthony Huang, waliifuatilia safari hiyo. Waliotesha mbegu za jojoba na kupima kotiledoni kadiri siku zilivyokwenda. Nta ilipungua polepole, na sukari ikaongezeka sambamba nayo. Walikuta kimeng'enya cha kufungua lile fundo, kimekaa kwenye utando wa vile vifuko vidogo vinavyohifadhi nta, nacho hakikuwepo kabla mbegu haijaota. Mbegu iliyolala imefungwa kabisa, na ufunguo wenyewe haujachongwa. Unachongwa maji yanapoingia.

Fundo likifunguka, asidi haina shida. Njia ya kuichoma asidi ya mafuta ni ya kale na viumbe wengi wanayo. Mnyororo hukatwakatwa kaboni mbili mbili, na kwenye mbegu zenye mafuta vipande hivyo hupelekwa kwenye mzunguko maalumu unaotengeneza sukari. Mbarika, ule unaotupa mafuta ya nyonyo, hufanya hivyo hivyo, na Moreau na Huang waliufananisha na jojoba. Ila mbarika hauna mzigo wa pili. Jojoba imebaki na alkoholi mkononi, nusu nzima ya akiba yake, na mtambo wa kukata minyororo hauikubali alkoholi. Unakubali asidi tu.

Ndipo kinaingia kimeng'enya ambacho ndicho kisa cha makala haya. Kwa Kiswahili ningekiita oksidesi ya alkoholi ndefu. Mwaka 1979 watafiti wale wale walionyesha jinsi kinavyofanya kazi kwenye kotiledoni za jojoba. Kazi yake ukiisikia ni ndogo. Kinaichukua alkoholi, kinaivua haidrojeni mbili, na kuzikabidhi kwa oksijeni ya hewani. Alkoholi inakuwa aldehaidi. Kimeng'enya cha pili kinaichukua aldehaidi hiyo na kuifanya asidi. Basi. Nusu iliyokuwa imekwama imeingia njiani pamoja na mwenzake.

Nimeirudia hatua hiyo ubaoni mara nyingi tangu siku hizo, na bado inanigusa. Alkoholi ya kaboni 22 haiyeyuki kwenye maji hata kidogo. Kimeng'enya kinachoelea ndani ya maji ya seli kingeitafuta maisha yake yote bila kuipata. Kwa hiyo oksidesi hii haielei. Imechomekwa kwenye utando wa kifuko cha nta, mguu mmoja kwenye mafuta na mwingine kwenye maji, pale pale mpakani mzigo unapotokea. Kama mpagazi aliyepanga chumba bandarini.

Kuna jambo la hatari kidogo hapa. Haidrojeni mbili zikikabidhiwa oksijeni hivyo, kinachozaliwa ni haidrojeni peroksaidi, ile ile inayouzwa kwenye duka la dawa kusafishia vidonda, na ile inayogeuza nywele rangi ya dhahabu. Kila molekuli moja ya alkoholi inayookolewa inaacha nyuma molekuli moja ya peroksaidi. Na asidi inapokatwakatwa baadaye, peroksaidi nyingine huzaliwa. Mche ungeungua kutoka ndani, lau si kimeng'enya kingine, katalesi, kinachoivunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Moreau na Huang waliona katalesi ikipanda kadiri nta inavyoshuka.

Hilo niliweza kuliona kwa macho yangu. Nilinunua chupa ya peroksaidi kwa famasi, nikatoa mche mmoja katika ile mitano, nikaukata kotiledoni na kuiponda kwenye kinu kidogo cha kupondea vitunguu saumu. Kando yake, kwenye kisosi cha pili, nikaponda nusu iliyosalia ya ile mbegu kavu niliyoipasua kwa wembe. Matone matano kila upande. Mbegu kavu ilitoa vipovu vichache, kama soda iliyofunguliwa jana. Ile iliyoota ilichemka. Povu jeupe lilipanda, likafunika rojo lote, likamwagika pembeni mwa kisosi hadi kwenye kitambaa cha meza. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wamewahi kuona povu kama hilo kwa maini ya ng'ombe. Niliwaonyesha na hili, nikawaambia kwamba povu hili halipimi oksidesi peke yake, linaonyesha tu kuwa ndani ya mbegu hii tulivu kuna moto unaowaka na kuna mtu anayeuzima papo hapo. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akauliza kwa nini mmea usitafute njia isiyo na moshi. Nikamwambia njia hiyo ipo, na kwamba anayo yeye.

Ini la binadamu linapokutana na kaboni mbili za mnazi, hufuata hatua zile zile: alkoholi, aldehaidi, asidi. Tofauti ni kwamba haidrojeni hazipewi oksijeni moja kwa moja. Hupewa mbebaji aitwaye NAD, naye huzipeleka mahali zinapotumika vizuri, hivyo peroksaidi haizaliwi. Na mwili hauna kazi hiyo kwa walevi peke yao. Alkoholi ndefu tunazitengeneza wenyewe, kila siku, hata shehe na askofu. Zinaingia kwenye mafuta maalumu yanayozunguka neva za ubongo. Ngozi nayo hutoa nta yake: karibu robo ya mafuta ya asili ya ngozi ya mwanadamu ni nta za ukoo mmoja na jojoba. Alkoholi zinazobaki baada ya kazi hizo lazima zigeuzwe asidi zichomwe.

Kwa miaka mingi hakuna aliyejali hatua hii ndani ya mwili wa mtu. Iligunduliwa kwa sababu kuna watoto waliozaliwa bila hiyo.

Kaskazini mwa Sweden, katika jimbo la Västerbotten, kulikuwa na familia ambazo watoto wao walikuwa na mambo matatu kwa pamoja: ngozi nene ya magamba, miguu iliyokakamaa, na akili iliyochelewa kukua. Daktari wa magonjwa ya akili, Torsten Sjögren, na mwenzake wa takwimu, Tage Larsson, waliandika habari zao mwaka 1957, na hali hiyo ikachukua majina yao. Wengi wa watoto hawa huzaliwa kabla ya siku zao. Ngozi huwa nyekundu mwanzoni, kisha hukauka na kufanya magamba ya rangi ya udongo shingoni, tumboni, kwenye mikunjo ya viungo. Huwasha. Magonjwa mengine mengi ya magamba hayawashi namna hiyo, lakini hawa hujikuna usiku kucha. Miguu hukaza, wengi hawatembei bila msaada. Daktari wa macho akichungulia ndani ya jicho huona vijinukta vyeupe vinavyometameta.

Chanzo hakikujulikana hadi mwaka 1988, ambapo Mmarekani William Rizzo na wenzake walipootesha seli za ngozi za wagonjwa maabara wakakuta kwamba haziwezi kuimalizia alkoholi ndefu safari yake hadi asidi. Kinachokosekana ni kile kimeng'enya cha hatua ya pili, cha kuigeuza aldehaidi. Aldehaidi isipopata njia mbele, sehemu yake hurudi nyuma na kuwa alkoholi tena, na alkoholi hulundikana. Mwaka 1996 jeni lenyewe lilipatikana, kwenye kromosomu ya 17. Mtoto huugua akirithi nakala mbovu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, ambao wote wawili hujiona wazima kabisa. Familia hizo za Sweden hubeba badiliko lile lile moja, ishara kwamba mhenga wao ni mmoja, lakini wagonjwa wamepatikana pia sehemu nyingine nyingi za dunia.

Nilisoma habari hizo usiku, kopo la losheni likiwa mezani. Nilimkumbuka mtoto wa mtaani kwetu nilipokuwa mdogo. Ngozi ya miguu yake ilikuwa kama magamba ya samaki. Tulimwita jina ambalo sitaliandika. Mama yake aliambiwa na watu kwamba hamwogeshi, na mimi nilimwona kwa macho yangu akimsugua kwa jiwe hadi damu inatoka, ili majirani wanyamaze. Mtoto yule alikuwa akikimbia na kucheza mpira, kwa hiyo hakuwa na ugonjwa huu. Alikuwa na aina nyingine ya ngozi ya magamba, ya kawaida zaidi, ya kurithi. Lakini naye ngozi yake ilikuwa imeshindwa kujenga ukuta wake wa mafuta, na hakuna jiwe linaloweza kujenga ukuta huo. Kinachosaidia ni kuloweka ngozi kwa maji ya uvuguvugu na kuipaka krimu nzito papo hapo kabla haijakauka, kila siku. Krimu zilizojaa setili na stearili. Alkoholi ile ile.

Hiyo ndiyo sababu swali la yule mama lilinikaa rohoni kuliko nilivyotarajia. Nilitaka mtu mmoja, zamani zile, angekuwa ameketi na yule mama wa mtaani na kumweleza ngozi ni nini. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu hiyo. Maneno kimeng'enya, alkoholi, aldehaidi si mageni kiasi cha kutushinda, tunayatumia madarasani. Yanakosa tu kutoka nje ya lango la shule.

Ikiwa una mtoto ambaye ngozi yake ni ya magamba tangu kuzaliwa, inamwasha, na miguu inakaza au anachelewa kutembea, usikubali kuambiwa ni uchafu wala laana. Mpeleke akaonwe na daktari wa ngozi na wa watoto, uyataje mambo yote pamoja, kwa maana anayeona ngozi peke yake anaweza asiulize kuhusu miguu.

Yule mama alirudi kusukwa baada ya Idi. Nilikuwa nimehamishia miche minne nyuma ya saluni, kwenye ndoo kuukuu za rangi zilizotobolewa chini, na shangazi ameweka sheria kwamba mtu asiimwagilie bila ruhusa yake. Nikamsimulia habari yote wakati anasukwa, nta, fundo, mpagazi wa mpakani, watoto wa Sweden. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo hata mimi mwilini mwangu ninayo hiyo alkoholi."

"Unayo, mama. Na unaimaliza kila siku."

Akacheka, akasema atamwambia shehe. Kisha akataka kuiona miche. Ina majani ya kijivu, magumu kama ngozi, yamesimama wima kukwepa jua. Akauliza itazaa lini. Nikamweleza kwamba jojoba ina mti dume na mti jike, na kwamba inaweza kuchukua miaka mitatu au zaidi kabla ya ua la kwanza kutuambia ipi ni ipi. Dume hazai kitu, lakini bila chavua yake kupeperushwa na upepo jike naye hazai. Minne ni michache. Shangazi amekwisha kuagiza mbegu nyingine.

Wiki iliyopita mmoja ulikuwa umeelemea upande, nikaufukua niupande upya. Kotiledoni zilikuwa bado zimeshikilia kwenye shina, zimesinyaa, nyepesi, zimepata rangi ya chai. Nikazichomoa. Nikaenda na moja mezani, nikaiweka kati ya karatasi mbili za daftari na kuikandamiza kwa kitako cha bilauri kile kile. Karatasi ililowa kidogo. Nikaianika dirishani, na ilipokauka niliipandisha kwenye mwanga na kuitafuta pande zote. Doa halikuwepo.